Linux ndogo kwenye BeagleBone Black, kuanzia ROM hadi login

BeagleBone Black, kompyuta ndogo ya bodi moja iliyotoka mwaka 2013, ina prosesa ya AM3358 ya Texas Instruments, yaani Cortex-A8 ya GHz 1, pamoja na RAM ya MB 512 na eMMC, yaani hifadhi iliyo kwenye bodi yenyewe, ya GB 4 (matoleo ya kabla ya C yalikuwa na GB 2). Debian inayokuja nayo inafaa kujifunzia. Lakini kifaa chenye kazi moja tu, tuseme kusoma mita kila dakika na kupeleka vipimo kwenye seva, hakihitaji systemd, apt wala mamia ya faili zinazoandikwa kimyakimya kwenye kadi usiku na mchana. Kinahitaji vitu vinne: U-Boot (inayopakia na kuwasha kerneli), kerneli (kiini cha Linux), BusyBox (amri za msingi katika faili moja) na programu yako.

Kukompaili kila kimoja ni rahisi. Watu hukwama pale kimoja kinapokabidhi kazi kwa kingine: ROM kwa MLO (hatua ya kwanza ya U-Boot), MLO kwa U-Boot, U-Boot kwa kerneli, kerneli kwa init (programu ya kwanza ya mfumo). Kila makabidhiano yana namna yake ya kukatika, na kila kukatika kuna alama yake kwenye waya wa siriali. Ukijua ukimya umeanzia wapi, umeshajua pa kutafuta.

Waya kwanza

Usianze bila siriali. HDMI haitakuonyesha lolote hadi kerneli iwe imeshawaka, na matatizo mengi hutokea kabla ya hapo. Kiunganishi ni J1, safu ya pini sita karibu na pini za P9. Pini ya 1 ni GND, ya 4 ni RX ya bodi, ya 5 ni TX ya bodi. Waya uwe wa USB kwenda siriali wa volti 3.3. Wa volti 5 unaweza kuiunguza prosesa. Kasi ni 115200.

    picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0

Ukitumia minicom, ingia kwenye mipangilio yake uzime udhibiti wa mtiririko wa kimaunzi. Usipouzima, utaona maandishi yakitoka lakini bodi haitasikia unachoandika, na utailaumu bure.

Umeme tumia adapta ya volti 5 yenye ampea 2. Bandari ndogo ya USB inatosha kujaribia, ila inatoa miliampea 500 tu, na ukichomeka modemu ya USB bodi itazimika katikati ya kazi bila kuaga.

ROM inatafuta nini

Ukiwasha bodi, prosesa inaendesha ROM iliyochomwa kiwandani. ROM hiyo haiijui Linux wala ext4. Inatafuta faili moja iitwayo MLO kwenye saraka kuu ya sehemu ya FAT iliyotiwa alama ya kuwashia. Ikiipata, inaipakia kwenye kumbukumbu ya ndani ya chipu, kwa sababu wakati huo RAM ya nje bado haijaamshwa. Kwa hiyo MLO haiwezi kuzidi KB 109. Kazi yake kubwa ni kuamsha DDR3, kisha kupakia u-boot.img, ambayo ndiyo U-Boot kamili.

Ukiwasha bila kubonyeza kitufe cha S2, ROM inaanza na eMMC, kisha kadi ya SD, kisha siriali, kisha USB. Ukiwasha huku umekibonyeza, eMMC inarukwa: inaanza SPI, kisha kadi. Kitufe hicho kinasomwa umeme unapoingia tu. Kubonyeza S2 pamoja na kitufe cha reset hakubadilishi kitu. Chomoa umeme, bonyeza S2, chomeka, subiri taa ziwake, achia.

Hapa kuna mtego unaopoteza muda mwingi kuliko yote. eMMC ikiwa bado na Debian yake, ukasahau S2, bodi itawaka kwa U-Boot ya zamani ya eMMC, na U-Boot hiyo yaweza kuendelea na kupakia kerneli yako kutoka kwenye kadi. Mambo yataonekana karibu sawa, ila mabadiliko yako ya U-Boot hayaonekani kamwe. Soma mstari wa kwanza kabisa kwenye siriali: tarehe ya kukompailiwa imeandikwa hapo. Kama si ya leo, unaangalia U-Boot ya mtu mwingine. Ukiwa na hakika huihitaji Debian ya eMMC, futa mwanzo wake ukiwa ndani ya U-Boot:

    mmc dev 1
    mmc erase 0 0x800

Hiyo ni MB 1 ya mwanzo, na jedwali la sehemu linaondoka nalo.

Ukiona herufi C zinajipanga moja moja, CCCCCC, ROM imekosa MLO kila mahali na sasa inasubiri umtumie faili kwa siriali. Bodi ni nzima. Kadi ndiyo haisomeki: sehemu ya kwanza si FAT, alama ya kuwashia imesahaulika, au MLO imewekwa ndani ya folda.

Kompaila na U-Boot

Kwenye kompyuta yenye Debian au Ubuntu:

    sudo apt install gcc-arm-linux-gnueabihf bison flex bc libssl-dev libgnutls28-dev libncurses-dev squashfs-tools
    export CROSS_COMPILE=arm-linux-gnueabihf-

Kompaila hii inatoa msimbo wa ARMv7, na Cortex-A8 inaukubali. Tahadhari kwa wenye bodi nyingine: Raspberry Pi ya kwanza na Pi Zero ya kwanza ni ARMv6, na programu zilizotoka kwenye kompaila hii hazitaendeshwa huko. Tahadhari ya pili ni ya wanaoongeza -mcpu (chaguo la aina ya prosesa) yao wenyewe. Cortex-A8 haina amri ya kugawanya namba kamili ndani ya prosesa, lakini Cortex-A7 na A15 zinayo. Programu iliyokompailiwa kwa A7 itaendeshwa vizuri hadi ifike kwenye mgawanyo wa kwanza, kisha itakufa.

Ndani ya saraka ya U-Boot:

    make am335x_evm_defconfig
    make -j4

Zinatoka MLO na u-boot.img. Jina la mpangilio linataja bodi ya majaribio ya Texas Instruments, lakini ndio huohuo wa BeagleBone: U-Boot inasoma EEPROM ya bodi na kujua iko juu ya nini.

Jambo moja la kubadilisha kabla ya kupeleka kifaa uwanjani. Pini ya RX isipounganishwa na kitu inaweza kuokota kelele, U-Boot ikadhani kuna mtu amebonyeza ufunguo, ikasimama kwenye prompti milele. Kifaa kilichofungwa juu ya mnara hakina mtu wa kuandika boot. Kwenye menuconfig weka CONFIG_BOOTDELAY=-2, ili iwashe moja kwa moja bila kusikiliza. Fanya hivyo mwishoni, maana sasa hivi bado unaihitaji hiyo prompti.

Kerneli

    export ARCH=arm
    make omap2plus_defconfig
    make menuconfig
    make -j4 zImage dtbs

Unahitaji faili mbili: arch/arm/boot/zImage, ambayo ndiyo kerneli, na am335x-boneblack.dtb, maelezo ya maunzi ya bodi ambayo kerneli huyasoma. Kuanzia Linux 6.5 faili za dtb za familia hii zilihamia arch/arm/boot/dts/ti/omap/, ndiyo maana maelekezo mengi ya zamani yanakupeleka kwenye saraka isiyo nayo.

Kwenye menuconfig, kanuni ni kwamba kila kinachohitajika kuufikia mfumo wa faili wa mzizi kiwe y, kamwe kisiwe m. Moduli inakaa ndani ya mfumo wa faili, na kerneli haiwezi kuisoma kabla haijaufungua. Hakikisha MMC_SDHCI_OMAP, SERIAL_8250_OMAP, SERIAL_8250_CONSOLE, DEVTMPFS, DEVTMPFS_MOUNT, SQUASHFS, SQUASHFS_XZ, EXT4_FS, TI_CPSW_SWITCHDEV na OMAP_WATCHDOG zote ni y. Ongeza REGULATOR_FIXED_VOLTAGE. Hii wengi huikata wanapopunguza ukubwa, wakiona haina uhusiano na kadi. Inao. Kwenye dtb ya bodi hii, volti 3.3 za kadi na za eMMC zimeandikwa kama regyuleta isiyobadilika. Ikikosekana, draiva ya MMC inamngoja regyuleta asiyekuja, nawe unatazama "Waiting for root device" bila kosa lolote lingine.

Kwa mfumo mdogo wa kazi moja, ushauri wetu ni kuzima moduli kabisa. Weka y unachohitaji, n kilichobaki, kisha ondoa CONFIG_MODULES. Hakutakuwa na saraka ya moduli ya kulinganisha na toleo la kerneli, na aina nzima ya hitilafu inaondoka. Ila usianze kwa kukata. Anza na mpangilio mzima, uone login, ndipo upunguze kidogo kidogo ukiwasha bodi kila mara.

Mfumo wa faili wa mzizi

BusyBox ni faili moja inayojifanya ls, sh, mount, init, udhcpc na amri nyingine nyingi, kutegemea jina ililoitwa nalo.

    make defconfig
    make menuconfig
    make -j4
    make CONFIG_PREFIX=$HOME/mzizi install

Kwenye menuconfig chagua kujengwa bila maktaba za nje, CONFIG_STATIC. Ukitumia BusyBox 1.36.1 na vichwa vya kerneli 6.8 au vipya zaidi, itakataa kukompaili networking/tc.c, ikilalamikia majina yanayoanza na TCA_CBQ. Kerneli iliondoa CBQ, BusyBox ilikuwa bado inaitaja. Zima CONFIG_TC uendelee, maana huhitaji tc kwenye kifaa cha namna hii.

Kama programu yako inatafuta majina ya seva kwenye mtandao, jua kwamba glibc (maktaba ya C ya kompaila hii) iliyounganishwa ndani kwa ndani bado inataka maktaba zake za NSS wakati wa kutafuta jina. Kompaila hutoa onyo kuhusu getaddrinfo, na onyo hilo si la kupuuza. Kompaili kwa musl, maktaba nyingine ya C, au nakili glibc yenyewe kwenye /lib.

Sasa ongeza saraka zinazokosekana:

    cd $HOME/mzizi
    mkdir -p dev proc sys tmp run data root etc/init.d

Saraka tupu ya dev ni ya lazima. Kerneli inaweka devtmpfs juu yake, na isipoikuta inaandika "devtmpfs: error mounting -2", kisha unabaki bila konsoli. Faili ya etc/inittab:

    ::sysinit:/etc/init.d/rcS
    ttyS0::respawn:/sbin/getty -L ttyS0 115200 vt100
    ::shutdown:/bin/umount -a -r

Bila inittab, BusyBox inafuata mpangilio wake wa ndani unaofungua tty2 hadi tty4, na bodi isiyo na skrini itakujazia siriali kwa "can't open /dev/tty2". Kisha etc/init.d/rcS:

    #!/bin/sh
    mount -t proc proc /proc
    mount -t sysfs sysfs /sys
    mkdir -p /dev/pts
    mount -t devpts devpts /dev/pts
    mount -t tmpfs -o size=16m tmpfs /tmp
    mount -t tmpfs -o size=4m tmpfs /run
    mount -t ext4 -o noatime LABEL=data /data
    ip link set lo up
    udhcpc -b -i eth0
    watchdog -T 30 -t 10 /dev/watchdog

Mistari mitatu inastahili maneno. devpts ikisahaulika, Dropbear (seva ndogo ya SSH) itakubali nenosiri lako kisha ikatae kukupa terminali. lo isipoamshwa, programu mbili zinazoongea kupitia 127.0.0.1 hazitaonana. Na udhcpc yenyewe haiweki anwani: inapokea tu kutoka kwa ruta na kuikabidhi kwa skripti ya /usr/share/udhcpc/default.script. Skripti isipokuwepo, utaona anwani imepatikana, lakini ukiandika ip addr, eth0 ni tupu. Nakili examples/udhcp/simple.script kutoka kwenye msimbo wa BusyBox uipe jina hilo, na uifanye itekelezeke.

Zote mbili, rcS na default.script, zinahitaji chmod +x. Ukipata "can't run '/etc/init.d/rcS': No such file or directory" na faili unaiona kwa macho, iliandikwa kwenye Windows: mwisho wa mstari wa kwanza kuna herufi ya CR, na kerneli inatafuta ganda ambalo jina lake linaishia na herufi hiyo.

Mwisho etc/passwd:

    root:x:0:0:root:/root:/bin/sh

Nenosiri litengeneze kwa openssl passwd -6 uliweke kwenye etc/shadow. Usiuze kifaa chenye root isiyo na nenosiri kwa kisingizio kwamba siriali iko ndani ya boksi.

Kwa nini squashfs

Ungeweza kutumia ext4 kwa kila kitu. Lakini vifaa hivi havizimwi kwa amri, vinazimwa kwa umeme kukatika. ext4 ina jarida linalolinda muundo wake, ila halilindi kadi ya bei rahisi inayopoteza umeme ikiwa katikati ya kupanga upya vizuizi vyake vya ndani. Usichokiandikia kina nafasi kubwa zaidi ya kubaki salama. Kwa hiyo mzizi uwe wa kusomwa tu, yaani squashfs, mfumo wa faili uliobanwa usioandikika, na kila kinachobadilika kikae /data au kwenye RAM.

    mksquashfs $HOME/mzizi mzizi.sqfs -comp xz -all-root

Bila -all-root faili zote zitamilikiwa na namba ya mtumiaji wa kompyuta yako, kwa kawaida 1000. Na xz lazima ilingane na SQUASHFS_XZ ya kerneli.

Mzizi wa kusomwa tu una gharama zake ndogo. /etc/resolv.conf iwe kiungo kwenda /tmp/resolv.conf. Funguo za Dropbear zikae /data, la sivyo hazitahifadhika. Saa nayo: bodi haina betri ya kuihifadhi, kwa hiyo kila ikiwashwa inaamka na tarehe ya miaka mingi iliyopita, na muunganisho wowote wa TLS unakataliwa kwa sababu cheti cha seva kinaonekana hakijaanza kutumika. Endesha ntpd ya BusyBox, usubiri tarehe iwe sahihi, ndipo uanzishe programu yako.

Kadi

Tazama lsblk kabla na baada ya kuchomeka kadi, maana amri inayofuata haiulizi mara mbili. Tuseme kadi ni /dev/sdX:

    sudo dd if=/dev/zero of=/dev/sdX bs=1M count=1
    sudo sfdisk /dev/sdX <<EOF
    label: dos
    label-id: 0x5a1e0001
    ,64M,e,*
    ,64M,83
    ,,83
    EOF
    sudo mkfs.vfat -F 16 /dev/sdX1
    sudo dd if=mzizi.sqfs of=/dev/sdX2 bs=1M conv=fsync
    sudo mkfs.ext4 -L data /dev/sdX3

dd ya kwanza inafuta mabaki ya MLO ya zamani, kwa kuwa ROM inaweza kuisoma pia moja kwa moja kutoka KB 0, 128, 256 au 384 tangu mwanzo wa kadi, nje ya FAT. Kwenye sehemu ya FAT weka MLO, u-boot.img, zImage, dtb, na faili extlinux/extlinux.conf:

    LABEL linux
      KERNEL /zImage
      FDT /am335x-boneblack.dtb
      APPEND console=ttyS0,115200n8 root=PARTUUID=5a1e0001-02 rootfstype=squashfs ro rootwait panic=10

PARTUUID inatokana na label-id tuliyoipa kadi. Inakuokoa na swali la kama kadi ni mmcblk0 au mmcblk1, ambalo jibu lake limebadilika kati ya matoleo ya kerneli.

U-Boot ikiikataa faili hiyo, fanya kwa mkono kwenye prompti:

    load mmc 0:1 0x82000000 zImage
    load mmc 0:1 0x88000000 am335x-boneblack.dtb
    bootz 0x82000000 - 0x88000000

RAM inaanzia 0x80000000. Kati ya anwani hizi mbili kuna MB 96, nafasi tele ya kerneli kujifungua bila kuikanyaga dtb. Kistari cha katikati kinamaanisha hakuna initramfs (mfumo wa faili wa muda unaopakiwa kwenye RAM). Ukikisahau, U-Boot itaichukulia dtb kuwa initramfs. Na kwa njia hii ya mkono, weka bootargs kwa setenv kwanza.

Kusoma kifo cha kerneli

"Starting kernel ..." kisha ukimya: mara nyingi kerneli inaendeshwa vizuri, ila inaongea pasipo na mtu. Maelekezo ya zamani yanasema console=ttyO0. Draiva ya sasa ni ttyS0. Ikiwa ttyS0 iko sahihi na bado kimya, ongeza earlycon kwenye APPEND, kisha kagua kama dtb ni ya bodi hii.

"VFS: Unable to mount root fs on unknown-block(0,0)" inamaanisha kifaa chenyewe hakijapatikana: draiva ni m, au PARTUUID imekosewa. Ukiwa na rootwait, mara nyingi utaona "Waiting for root device" badala yake. Ikiwa (179,2), kifaa kimeonekana, maana 179 ni namba ya vifaa vya MMC na 2 ni sehemu ya pili. Tatizo ni kilichomo ndani: squashfs haimo kwenye kerneli, xz haimo, au dd iliandika mahali pengine. Namba hizo mbili zinakuambia ushike bisibisi au ushike menuconfig.

"Requested init /sbin/init failed (error -2)" hutokea ukitumia init= kutaja njia yako. Error -2 ni kitu kutokuwepo, na kisichokuwepo mara nyingi si init bali kipakiaji cha maktaba, /lib/ld-linux-armhf.so.3, kwa sababu CONFIG_STATIC haikuchaguliwa. Error -8 ni faili ya prosesa nyingine, kwa kawaida CROSS_COMPILE ilisahaulika na una BusyBox ya kompyuta yako. Amri ya file bin/busybox inamaliza ubishi.

"Attempted to kill init! exitcode=0x00007f00" ni programu iliyoanza ikakosa maktaba: 7f ni 127. Ikiwa 0x00000004, init imeuawa kwa amri ambayo prosesa haiijui. Rudi kwenye -mcpu. Ikiwa 0x0000000b, imegusa kumbukumbu isiyo yake.

Kuhamia eMMC

Kadi ya SD ni ya kujaribia. Kifaa cha kudumu kiwashe kutoka eMMC, ambayo haichomoki kwa mtikisiko na inasomwa kwanza bila S2. Washa kutoka kwenye kadi na urudie mpangilio uleule wa sehemu tatu juu ya eMMC, ambayo kwa U-Boot ni mmc 1. BusyBox haina sfdisk wala mkfs.ext4, kwa hiyo kazi hii ifanye na kadi ya Debian, au ujenge util-linux na e2fsprogs kwenye kadi ya kiwandani peke yake.

Badilisha label-id, kwa mfano 0x5a1e0002, na extlinux.conf ya eMMC iitaje hiyo. Label ya sehemu ya data pia ibadilishe, na rcS ifuate. Ukiacha zilezile, siku fundi atakapochomeka kadi yake ya majaribio kutakuwa na mizizi miwili yenye jina moja, na bodi itawaka kwa kerneli ya eMMC juu ya faili za kadi, au kinyume chake.